Tangi Tuliloliweka Kwenye Njia ya Maji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ya mwaka ule tuliokula ugali wa njano mpaka watoto wakaanza kuuliza kama mahindi meupe bado yapo duniani. Unga wenyewe ulinuka gunia. Ukiusonga unashikana na mwiko kama simenti, na mboga yake ilikuwa sukuma wiki ya kuchemshwa kwa maji na chumvi, mafuta hapana, kitunguu hapana. Mtu akinitajia mwaka kwa namba mimi hupotea. Lakini muulize mtu yeyote wa rika langu pale Soweto West kuhusu ule unga wa njano, na mvua ya El Nino iliyoufuata, atakuambia papo hapo alikuwa wapi na alipoteza nini.

Mimi nilikuwa hapo hapo, Soweto West, Kibera. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nguvu za punda, na mdomo usiojua kupumzika. Kwetu ni Kitui. Shule niliacha darasa la tatu. Nilikuwa nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, na muthokoi, yale mahindi tunayoyatwanga kwenye kinu mpaka maganda yatoke, kwenye kona wanapopita watu wa vibarua asubuhi. Wanawake wa mistari mitatu ya nyumba walinichagua niwe mwenyekiti wa chama chetu, na hawakunichagua kwa sababu ya akili. Walinichagua kwa sababu ya sauti. Nikisema jambo pale juu kwangu, aliye chini karibu na mto amelisikia. Mpaka leo mimi ni mwanamke wa kujivuna, sitakuficha. Sauti ile tu ndiyo sijivunii tena.

Mstari wa chini kabisa, karibu na mto, aliishi rafiki yangu Nekesa. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake aliiweka Kawangware, kwenye baraza ya duka moja upande wa kwenda Riruta, na kila asubuhi alitembea kwa miguu mpaka huko, jioni akarudi. Aliishi na mama mkwe wake, mzee ambaye sote tulimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Miguu ya Kukhu ilikuwa imekufa ganzi. Akitaka jua, Nekesa alimbeba mgongoni akamkalisha kwenye kiti nje. Kukhu alitoka Budalang'i, kule mto Nzoia unakovunja kingo na kuwafuata watu mpaka vitandani.

Siku hiyo ninayokuambia, watu wa ofisi ya mipango walikuja. Walikuwa wawili: kijana mmoja mwembamba mwenye makaratasi makubwa, na mkubwa wake, mtu wa tai, aliyekaa kivulini tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana akabandika picha nne kwenye ukuta wa mabati. Tangi la maji. Mtaro wa mawe wa kupitisha maji ya mvua. Choo. Zahanati.

"Mama zangu," akasema, "haya mtakayochagua hayabaki hapa. Yanapanda wilayani, wilaya inayapeleka juu, na huko juu yanaingia kwenye kitabu cha mipango ya nchi nzima. Kisichoandikwa kwenye kitabu hicho hakijengwi."

"Niandikie bwana basi!" mama mmoja akapaza sauti nyuma. "Mrefu, asiyekunywa!"

Tulicheka mpaka kijana naye akacheka. Kisha akaeleza tutakavyochagua. Kila nyumba itapewa punje kumi za mahindi, na mtu aweke punje zake chini ya picha anayoitaka. Alikuwa amesahau kubeba mahindi, kwa hiyo akachukua kopo moja la yale ya njano kutoka kwa gunia langu. Tukakubaliana kwamba tukimaliza nitayarudisha sufuriani, maana mwaka ule hakuna aliyemwaga chakula.

Sasa nikueleze kosa langu vizuri, usije ukafikiri nilikuwa mjinga tu. Maji yalikuwa ya shida kweli. Mtungi mmoja tuliungoja kwenye foleni tangu alfajiri. Mimi nilitaka tangi, na nilikuwa na haki ya kulitaka. Hata mahali pa kuliweka nilikuwa nimepachagua tayari: kile kinafasi kilichokuwa kati ya nyumba, hatua chache kutoka kwa jiko langu, mahali pasipo na nyumba ya mtu. Nilijiona mwerevu. Hakuna wa kubomolewa, na mimi sitabeba mtungi mbali.

Nekesa akaja akiwa na Kukhu mgongoni, akamkalisha mbele. Kukhu akatazama picha zote nne bila haraka, kisha akamwambia, "Zote weka kwa mtaro." Nekesa akaweka punje kumi chini ya mtaro.

"Kwa nini, Kukhu?" yule kijana akauliza.

"Mtaro huchimbwa wakati wa jua, mwanangu. Mvua ikishakuja utachimba nini? Matope?" Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Mwende. Hapo unapotaka tangi, umejiuliza kwa nini hapana nyumba? Kibera yote watu wamebanana kama njiti za kiberiti, halafu hapo tu pakaachwa wazi. Ni wema wa nani huo?"

Nikaona wanawake wawili watatu wanaangalia punje zao mikononi. Mmoja akapiga hatua kuelekea kwa mtaro. Redio nayo ilikuwa imeanza kusema kwamba mvua ya mwaka huo itakuwa kubwa. Nikaona tangi langu linaniponyoka.

Hapo lazima ujue jambo moja la kwetu. Nyumbani kwetu Kitui mvua haikataliwi. Wingu likikusanyika unatoka nje, unatega sufuria, unashukuru. Mtoto akilalamika kwamba mvua imemlowesha, nyanya yangu alimtandika. Kuichimbia mvua njia ya kwenda zake, kwetu sisi, ni sawa na kumfungulia mgeni mlango wa nyuma kabla hajakaa. Nilikua na hilo kichwani, na siku hiyo nililitoa kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Mvua gani?" nikasema. "Hii iliyotuacha mwaka mzima? Sisi tunaiomba kwa magoti, nyinyi mnaichimbia njia ya kuondoka! Redio hata jana ilisema sukari itashuka, imeshuka? Kukhu, hapa si Budalang'i. Nyinyi watu wa huko mnaogopa hata maji ya kuoga. Hapa Nairobi hata samaki anakuja kwa lori!"

Mwanangu, walicheka. Walicheka wakashikana mabega. Wakamba wenzangu walipiga makofi, na hata Waluhya walicheka, watu wa kwao kabisa, kwa sababu nani anataka kuonekana anaogopa maji mbele ya watu? Yule mama aliyekuwa ameanza kwenda kwa mtaro akageuka, akaenda kwa tangi. Wakafuata wote.

Yule kijana alijaribu. Akasema, "Mama mwenyekiti, si lazima mmoja ashinde. Tangi ni la wakati wa jua, mtaro ni wa wakati wa mvua. Tuviandike vyote viwili kwenye mpango mmoja."

Mkubwa wake akaongea kwa mara ya kwanza, kule kivulini. "Fomu ina mstari mmoja. Na mambo ya mvua si yetu, hayo ni ya watu wa hali ya hewa. Sisi ni maendeleo."

Mimi nikampigia makofi yule mkubwa. Ndiyo, mimi huyu.

Chini ya mtaro zilibaki zile punje kumi za Nekesa. Kukhu alivuta leso yake akafunika miguu, ingawa jua lilikuwa linachoma. Alisema tu, "Nirudishe nyumbani, Nekesa." Na jioni mimi nikayachemsha yale mahindi pamoja na maharagwe, nikayala.

Tangi lilikuja haraka. Ile miezi ya vumbi haikuisha kabla halijasimama. Mafundi walimwaga msingi wa zege ukajaza kile kinafasi chote kutoka ukuta mpaka ukuta, na mimi ndiye niliyefungua bomba lake mara ya kwanza, wanawake wakipiga vigelegele. Nekesa alikuja kuchota kama wengine. Alinisalimu, lakini hakuvuta kigoda akakaa kama zamani.

Mvua ilipoanza tulicheza ngoma. Kweli, tulicheza kwenye matope. Nilitega sufuria zangu zote nje. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, na mvua haikwenda popote. Kuta za udongo zikaanza kulainika kama mandazi kwenye chai. Vyoo vikajaa. Sukuma na nyanya zikapotea sokoni kwa sababu malori yalikwama njiani. Hata hapo bado nilikuwa nikisema, acha inyeshe, tulikuwa na deni nayo.

Halafu ikafika asubuhi moja, kama saa nne hivi, wanaume wameenda vibaruani na Nekesa ameenda Kawangware. Nilikuwa kwenye jiko langu chini ya bati. Nikasikia mlio kule juu, kama magunia ya kokoto yanamwagwa. Nikatazama. Maji yalikuwa yanashuka kupitia kile kinafasi, moja kwa moja, kama mtu anayerudi kwake. Yakafika kwenye msingi wa tangi. Yakasimama. Yakapanda kidogo. Kisha yakageuka kushoto, yakapasua uzio wa magunia, yakateremkia mstari wa chini.

Nilisimama na mwiko mkononi nikielewa kila kitu kwa mara moja. Hakuna aliyenieleza. Hapakuwa na nyumba pale kwa sababu palikuwa na mwenyewe.

Na Kukhu alikuwa ndani, peke yake, mlango umefungwa kwa nje kwa waya kama kila siku.

Nilichukua mchi wangu wa kutwangia, nikashuka. Maji yalinifika mapajani, mazito, meusi, yana vitu ambavyo sitakutajia. Mlango haukufunguka, maji yalikuwa yameusukuma. Nikapiga bati la ubavuni kwa mchi mpaka likachanika, nikaingia hapo, bati likanikata mkono. Kovu ninalo. Kukhu alikuwa ameketi kitandani, maji yamefika kwenye godoro, amekumbatia mfuko wake wa nguo kifuani. Hakuwa anapiga kelele. Aliponiona alisema, "Ni wewe?"

"Ni mimi, Kukhu."

Nikamgeuzia mgongo, akapanda. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikataka kukimbia, akanishika shingo.

"Pole pole. Papasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Usiende katikati, shika ukuta. Ukihisi maji yanakuvuta magoti, simama, ngoja, halafu endelea."

Hivyo ndivyo nilivyotoka. Mkamba wa Kitui, hajui mto uliojaa ni nini, akiongozwa kwenye maji na mwanamke asiye na miguu aliyekaa mgongoni kwake. Kila aliloniambia lilikuwa kweli. Palipokuwa na shimo, mguu wangu ulilikuta kabla sijatumbukia. Nyuma yetu ukuta wa nyumba yao ulianguka, haukutoa hata sauti kubwa.

Mstari wote wa chini ulikwenda. Watu wengi walitoka kwa sababu kulikuwa mchana, lakini vitu havikutoka.

Nekesa alimhamishia Kukhu Kawangware, kwenye chumba kimoja karibu na mahali aliposhonea. Lakini yale maji machafu na ile baridi vilikuwa vimeshamwingia mzee kifuani. Nilikwenda kuwaona nikiwa na kilo mbili za unga na aibu isiyobebeka. Nekesa alinifungulia, akanipa kiti. Alikaa mbele yangu akipasua mshono wa suruali ya mtu kwa wembe.

"Nekesa, nisamehe," nikasema.

"Mama Mwende, mimi sina maneno na wewe," akasema, na hakuinua macho.

Kukhu ndiye aliyeongea, kutoka kitandani, akikohoa kati ya maneno. Nimeyabeba maneno hayo zaidi ya miaka ishirini na mitano.

"Hukukosea kutaka tangi," aliniambia. "Maji ya kunywa ni haki. Ulikosea kuwafanya watu wacheke. Mtu akibishiwa anajibu. Akichekwa ananyamaza. Mimi nilikuwa na mengine ya kusema siku ile. Nilikuwa nimwonyeshe yule kijana mtaro upite wapi, na tangi lisogezwe wapi. Palikuwa na nafasi ya vyote viwili. Uliniziba mdomo na watu wakakusaidia."

Nilikunja unga wangu kwenye karatasi upya, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono, nikauacha mezani.

Kukhu alikufa kabla mvua haijaisha. Na sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko ukuta na tangi na zege lote. Kwao mtu huzikwa nyumbani, kwenye boma la mume wake. Alikuwa ameshamwonyesha Nekesa kwa maneno mahali penyewe, kando ya kaburi la mumewe. Lakini barabara zilikuwa zimekatika, na kule Budalang'i kwenyewe boma lilikuwa chini ya maji. Walingoja wakachoka kungoja. Kukhu alizikwa hapa jijini, kwenye makaburi ya watu asiowajua, mvua ikiingia shimoni, wanaume wakiyachota maji kwa ndoo ili jeneza lisielee. Nilisimama nyuma kabisa. Nekesa hakulia. Aliponipita alisema, bila kusimama, "Alisema usisahau alivyokwambia." Hajaniambia neno jingine mpaka leo, na nasikia yuko hai, ana wajukuu, anakaa Riruta.

Mvua ikaisha, vumbi likarudi. Yule mkubwa wa tai naye akarudi, bila yule kijana. Safari hii alikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa: vibanda vya soko vya akina mama, vya mabati mapya, vijengwe chini karibu na mto, pale palipokuwa na mstari wa akina Nekesa, maana, alisema, sasa pako wazi. Kilichobaki ni chama kukubali. Nitakuambia nilivyomjibu. Lakini kwanza shika haya, kwa sababu nasikia siku hizi vijana wa kwetu ndio mnaokaa kwenye hizo meza za mipango. Mjukuu wangu mmoja ni wa kazi hiyo, na mimi hutembea naye barabarani kifua mbele ili watu waone.

Mwanangu, ukipanga, usiipangie nchi kana kwamba hali ya hewa ni ya jirani. Siku hizi jua linakuja na hasira, na mvua inakuja na hasira zaidi, na sisi tusio na kitu ndio tunaojengewa mahali vinapopita. Usiseme mvua ni ya ofisi ile, shule ni ya ofisi hii, soko ni la ofisi nyingine. Maji hayaulizi ofisi. Ukiandika barabara, andika hapo hapo maji yatapita wapi chini yake. Ukiandika zahanati, uliza wagonjwa wataifikiaje wiki ya tatu ya mafuriko. Ukiandika kisima, kumbuka mwaka wa kiangazi na mwaka wa gharika, yote miwili, kwenye ukurasa mmoja, na pesa zake zikae pamoja, si pembeni, si mwisho, si kama zikibaki. Fomu ikiwa na mstari mmoja, tafuta fomu nyingine.

Ukiona mahali wazi katikati ya watu waliobanana, kaa chini kwanza, uliza kwa nini. Tafuta mzee aliyetoka kwenye mto, na mzee aliyetoka kwenye ukame, uwakalishe pamoja, maana mimi nilijua kiangazi na Kukhu alijua mafuriko, na tungesikilizana mstari ule ungekuwepo. Na akitokea mtu kama mimi, mwenye sauti na mzaha, mwache achekeshe watu harusini. Kwenye kikao cha mipango mwambie anyamaze, hata akiwa mwenyekiti. Nisingependa kuambiwa, lakini ningenyamazishwa siku ile ningekushukuru leo.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa kiti. Akupe wazee wa kukukemea wakati kosa lako bado ni la maneno tu. Maji yapite nje ya mlango wako, na ukiyahitaji yaje mtungini. Ukifa, uzikwe ulipotaka.

Basi, yule mkubwa. Aliweka karatasi kwenye meza yangu ya githeri, akafungua kikopo cha wino, kwa kuwa alijua sijui kutia sahihi. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yake, wanavitaka vile vibanda, na walikuwa na haki ya kuvitaka.

"Kibanda cha kwanza ni chako, mama mwenyekiti," akasema. "Weka kidole hapa."

"Nisomee kwanza palipoandikwa mvua," nikamwambia.

Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. "Mvua ilishaisha, mama. Haya ni maendeleo."

Nikamwambia, "Siweki kidole changu kwenye karatasi isiyo na mvua."

Wanawake wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema nimezeeka kabla ya siku zangu. Mwingine akasema basi tuchague mwenyekiti mwingine, na kweli, wiki hiyo hiyo walimchagua. Yule mkubwa akausogeza wino karibu, akapunguza sauti kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Unawanyima wenzako riziki, mama. Wanakutazama. Weka tu."

Niliwatazama wote, mmoja mmoja, nikairudisha mikono yangu chini ya leso.

"Siweki kidole changu kwenye karatasi isiyo na mvua."